Mvinyo wenye salfa usiukeneke

Kabla hujawasha moto chini ya mtambo wa shaba wa kukeneka brandi, yaani kuchemsha mvinyo na kupoza mvuke wake uwe kileo kikali, nusa kwanza mvinyo wenyewe. Wengi huchukua ule uliowashinda kunywa, wakidhani mvuke utautakasa. Wapi! Uliogeuka siki utakupa brandi yenye siki, na uliotiwa salfa ili usiharibike utakuchoma pua kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Ndiyo maana kule Cognac, Ufaransa, mvinyo wa brandi hautiwi salfa. Hukenekwa mara mbili, na kazi iwe imekwisha Machi 31.

Mkupuo wa kwanza hutoa kileo cha takriban asilimia 30. Wa pili ndio wa kuchagua: matone ya mwanzo hunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, hayo mwaga. Harufu ikigeuka ya tunda, badilisha chupa. Ikija ya boksi lililolowa, basi. Moto uwe mdogo, na usiache upenyo wa mvuke kuvuja kwenye maungio ya mtambo, maana mvuke ule ukikutana na moto hulipuka.

Halafu sheria, jamani. New Zealand wanaruhusu kukeneka nyumbani kwa matumizi yako mwenyewe; Kenya na Tanzania, bila leseni ni kesi.