Somo: Biblia kwenye simu, pakua ungali nchi kavu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wengi mmelalamika kwamba meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, ikishaiacha bandari, mtandao unakatika na Biblia ya kwenye simu haifunguki tena. Dawa ni kuipakua kabla hujasafiri. Mimi natumia programu ya YouVersion, ambayo ni ya bure.

1. Iweke kutoka Play Store, ufungue akaunti kwa barua pepe. Nywila iandike kwenye daftari lako la somo.

2. Nenda sehemu ya kusoma. Juu, pembeni ya jina la kitabu, kuna herufi za tafsiri. Ziguse, chagua Kiswahili, kisha tafuta tafsiri yenye alama ya kupakua. Ikimaliza kushuka, zima data ujaribu kufungua Malaki. Ikifunguka, panda meli kwa amani.

3. Sasa tujifunze. Fungua Luka 5, usome sura yote. Ule mstari wa siku unaoletewa kila asubuhi naupenda, lakini mstari mmoja pekee haujawa somo. Gusa mstari wa 4: zitatokea rangi za kuwekea alama, mahali pa kuandika, na kulinganisha tafsiri (hili lifanye ukiwa na mtandao). Biblia ya Muungano, ile ya 1952, inasema "Tweka mpaka kilindini." Vijana wengi hawalijui neno hilo. Kutweka ni kupandisha tanga, ni lugha ya mabaharia. Ukilinganisha na tafsiri ya Habari Njema, maana inafunguka.

Kikundi chetu cha Kirumba, Mwanza, kina wavuvi wa dagaa. Tunakutana siku za mbalamwezi, maana taa hazivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa. Usiku kucha bila kupata kitu, kama Simoni Petro kwenye sura hii, wanaujua vizuri. Mmoja wao aliandika kwenye mstari wa 2: "Nyavu zilishaoshwa." Akatueleza kwamba mvuvi akishaosha nyavu amefunga kazi, anawaza kulala. Kumbe Simoni aliombwa na Yesu aanze upya akiwa amechoka, tena mchana! Miaka yote nafundisha sura hii sikuwahi kuliona hilo. Ndiyo maana nawasihi: andikeni mnachokiona, hata kama ni maneno matatu.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mwalimu, mimi ni Mkatoliki. Mbona sikioni kitabu cha Tobiti?
Dada, Biblia ya Muungano ina vitabu 66, yenu ina 73. Kabla ya kupakua, pitia orodha ya vitabu. Ukimwona Tobiti, Yudithi na Wamakabayo, hiyo ndiyo yako.

Shikamoo mwalimu. Mama yangu macho yamechoka, afanyeje?
Marahaba, mwanangu. Kuza maandishi kwenye mipangilio ya kusomea. Tafsiri zenye sauti zina alama ya spika. Msikilizishe, ila weka bando kwanza, sauti inakula data.

Nikisoma ibadani, jumbe zinaingia na mawazo yanahama.
Kaka, washa hali ya ndege. Uliyoipakua itaendelea kufunguka.

Simu ikipotea, niliyoandika yanapotea?
Hapana, yamo kwenye akaunti, mradi simu ilipata mtandao baada ya kuandika. Ukitoka ziwani, washa data kidogo yapande.