Redio ya skrini na kamera ya rivasi: funga mwenyewe hapo hapo uani

Gari likitoka Japani, iwe Passo, IST, Vitz au lolote lile, kitu cha kwanza kitakachokuudhi ni redio. Redio nyingi za kule FM yao inaanza 76 inaishia 90, huku kwetu inaanza 88 kwenda 108, kwa hiyo unapata vistesheni viwili vitatu basi. Wengi wanafunga kile kidude cha kubadilisha masafa kwenye waya wa antena, sawa kinasaidia, ila piga hesabu mwenyewe, redio ya Mjapani ina nafasi ya megahezi 14 tu na sisi tunahitaji 20, lazima kuna stesheni zitabaki nje. Ndo maana watu wanaishia kununua ile redio kubwa ya skrini, na kwa sisi wa Mwanza ukishakuwa na skrini afu ukaacha kamera ya rivasi umejinyima, maana mawe yapo kila kona. Mimi nakaa mlimani upande wa Mabatini, pembeni ya geti kuna jiwe limekaa pale kama mlinzi, bampa langu la nyuma linalijua vizuri sana.

Mara ya kwanza nilimpa fundi. Kamaliza ndani ya nusu saa, nikasema huyu jamaa mtaalamu. Asubuhi gari haliwaki. Nikachaji betri, kesho yake tena vile vile, nikaambiwa betri imechoka nikanunua nyingine, nayo ikalala. Siku nimefungua dashibodi mwenyewe nikakuta waya wa njano na mwekundu wa redio kazikunja pamoja kazipeleka sehemu moja, afu juu kaviringisha nailoni. Sio tepu jamani, nailoni ya mfuko.

Sasa hapo ndo pa kuelewa kabla hujagusa kitu. Redio ina nyaya mbili za moto. Wa njano unatakiwa upate umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, kazi yake ni kushika kumbukumbu, saa na stesheni zako, na ndio huo huo unaobeba mzigo redio ikiwaka. Mwekundu unatakiwa upate umeme pale tu unapozungusha ufunguo kwenye ACC (ile hatua ya ufunguo kabla ya ON, injini bado haijawaka), ndio unaoiambia redio amka au lala. Ukiziunganisha zote kwenye umeme wa muda wote redio hailali, inanyonya betri usiku kucha. Ukiziweka zote kwenye ACC betri itapona ila kila ukizima gari redio inasahau kila kitu. Mweusi ni ethi, unaenda kwenye bodi.

Wakati wa kununua mwambie muuza duka akupe na plagi ya Toyota, ile yenye soketi mbili, kubwa ya pini 10 na ndogo ya pini 6. Ukiwa nayo hukati waya hata mmoja wa gari, na siku ukiuza unarudisha redio ya zamani. Uliza na zile plastiki za pembeni, nafasi ya redio kwenye Toyota ina upana wa milimita 200 na redio nyingi za kawaida zina 178, bila hizo zinabaki nyufa mbili kama meno yaliyong'oka. Kingine usichoweza kukikwepa ni mita ya kupimia umeme, hata ile ya njano ya bei rahisi. Mtu anayefunga umeme wa gari bila mita anabahatisha, hata awe na miaka 20 kazini.

Anza asubuhi kabla jua halijawa kali. Zima gari, toa ufunguo, kwa spana namba 10 legeza terminali ya hasi ya betri kwanza, iweke pembeni isirudi kugusa, afu subiri angalau dakika moja na nusu kabla hujaanza kuvuruga dashibodi, hiyo ni kwa ajili ya eabagi, ule mfuko wa hewa unaofyatuka gari likigonga. Na ukikutana na plagi ya njano au waya uliovikwa mpira wa njano huko ndani, huo ni wa eabagi, uache ulivyo, wala usiupime na mita.

Kava za dashibodi zimeshikwa na klipu. Ukitia bisibisi umeshachora plastiki, mimi natumia mwiko mwembamba nimeuzungushia kitambaa (ndio, wa jikoni, na ndio, nilisemwa sana), unachomeka kwenye ufa unasukuma taratibu ukitembea na ufa, klipu zinaachia moja moja tak, tak. Kama inagoma usilazimishe, kuna skrubu mahali hujaiona.

Kwenye plagi ya gari lenyewe la Toyota, sio ile uliyonunua, rangi mara nyingi zinakuwa hivi: bluu yenye mstari wa njano ndio umeme wa muda wote, kijivu ni ACC, kahawia ni ethi, kijani ni wa taa za dashibodi. Mara nyingi, nimesema, gari limeshapita mikono mingi hilo. Kwa hiyo rudisha terminali ya betri, mita weka volti DC 20, ncha nyeusi gusa chuma kitupu cha bodi, nyekundu gusa pini. Ufunguo ukiwa nje pini inayosoma 12 na kitu ndio ya muda wote. Weka ACC, nyingine itaamka nayo isome 12, toa ufunguo ishuke sifuri. Hiyo ndio ya mwekundu. Ukishajua toa tena hasi ndo uunganishe.

Nyaya za spika zinaenda jozi jozi, kila spika ina chanya yake na hasi yake. Kuna mafundi wanachukua hasi zote wanazipeleka bodi eti zinafanana na ethi, hapana, redio za siku hizi ukifanya hivyo unaua ampu yake ya ndani, kile kikuza sauti, na ile haitengenezeki kirahisi.

Maungio yalehemu kwa risasi afu vika mpira wa kusinyaa, ule unaobana waya ukiupasha moto. Kama huna vyote, kunja waya vizuri na zungusha tepu ya umeme yenye ubora, maana gari likishinda juani hapa kwetu gundi ya tepu mbovu inayeyuka, inateleza, waya unabaki uchi. Na fyuzi ya redio ikikata usiweke karatasi ya pakti ya sigara. Imekata kwa sababu, tafuta sababu.

Kamera ndo inakula muda. Waya wa picha unapita chini ya kava za mlangoni mpaka nyuma, na kwenye mlango wa buti upitishe ndani ya ule mpira unaopitisha nyaya za gari, ukiupitisha nje mlango utaukata siku si nyingi. Umeme wa kamera chukua kwenye taa ya rivasi. Weka jiwe kwenye tairi, vuta hendibreki, rudisha terminali ya betri, ufunguo ON bila kuwasha injini, gia R, halafu pima kwenye taa ujue upi moto upi ethi. Ule waya mwembamba mwekundu unaochungulia kwenye ncha za waya wa picha, wa nyuma unga kwenye huo huo moto wa rivasi, wa mbele unga kwenye waya wa redio ulioandikwa BACK, hapo ukiingiza rivasi skrini inajibadilisha yenyewe. Kama picha imegeuka kushoto kulia, kamera nyingi zina kikunjo kidogo cha waya cha kukata, soma kikaratasi kwanza ujue ni kipi, kingine kinaondoa ile mistari ya kukuongoza inayotokea kwenye picha.

Usifunge kava bado. Washa kila kitu, pima spika moja moja, ingiza rivasi, cheza na taa. Afu zima, liache gari lilale hivyo hivyo dashibodi ikiwa wazi. Asubuhi pima betri kabla hujawasha: ikisoma 12.4 kwenda juu rudisha kava zako, ikiwa chini ya 12 na betri ni nzima, chomoa fyuzi ya redio kisha rudi kwenye ule waya mwekundu.