Kununua Vipuri vya Kompyuta ya Michezo kwa Fedha Chache: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Kisumu

Kabla ya kuulizia bei ya kipuri chochote, andika michezo unayonuia kucheza na aina ya skrini uliyo nayo (kwa mfano 1080p, yaani ya nukta 1920 kwa 1080), kwa kuwa mambo hayo mawili ndiyo yatakayoamua fedha ziende wapi. Mtu anayecheza Valorant au GTA V kwenye skrini ya 1080p hahitaji mashine ya yule anayetaka Cyberpunk 2077, na muuzaji asipoelezwa hivyo atakuuzia kile kilichomkalia kabatini.

Kwa mwenye bajeti finyu, ushauri wangu ni kwamba asianze kuunganisha kompyuta mpya kipuri kwa kipuri. Madukani Kisumu, kama ilivyo Nakuru, zinapatikana kompyuta za ofisi zilizotumika, maarufu kama ex-UK, hasa Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, ambazo huja na prosesa, RAM, diski, kesi na pawa saplai kwa bei ambayo mara nyingi haifikii ile ya prosesa mpya na madabodi yake, yaani ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote. Tafuta yenye Core i5 ya kizazi cha nane au zaidi, kama vile i5-8500 yenye kori sita. Sababu si kasi peke yake: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi hicho, isipokuwa chache mno. Valorant nayo, ikiwa kwenye Windows 11, hukataa kufunguka iwapo TPM 2.0 na Secure Boot, ambazo ni kinga za usalama zinazowashwa kwenye mipangilio ya BIOS ya kompyuta, hazijawashwa.

Umbo la kesi ndilo huwaponza wengi. Kesi nyembamba hupokea kadi za grafiki (kipuri kinachochora picha za mchezo) za kimo kifupi pekee, ambazo ni adimu. Kwa hiyo chagua kesi ya mnara. Mwombe muuzaji afungue ubavu wa kesi hiyo, kisha uitazame pawa saplai. Nyingi za mashine hizi hazina waya wa pini sita au nane wa kulisha kadi, na viunganishi vya Dell na HP mara nyingi ni vya kampuni yenyewe, hivyo huwezi kung'oa pawa saplai hiyo na kuweka ya kawaida bila adapta. Ndiyo maana kadi inayofaa ni ile inayotosheka na wati 75 zinazotolewa na tundu la PCIe, yaani lile la madabodi linalochomekwa kadi. GTX 1050 Ti na GTX 1650, zote za GB 4, hutosheka hivyo, ingawa baadhi ya matoleo ya GTX 1650 yana tundu la pini sita, basi itazame kadi yenyewe badala ya kuamini jina lililo kwenye boksi. RX 6400 hula umeme mdogo kuliko hizo, lakini hutumia njia nne tu za PCIe za kupitishia data, na kwenye madabodi ya PCIe 3.0 hupoteza sehemu ya nguvu zake. RX 580 hushawishi kwa bei, ila inahitaji wati 185 hivi, na pawa saplai ya ofisi haiwezi mzigo huo.

Kadi bandia zipo. Chipu ya zamani, kama ile ya GTS 450, hubadilishiwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Geuza kadi utazame nyuma: ukiona tundu la VGA, lile la skrini za zamani, ingia shaka, kwani chipu halisi ya 1050 Ti haitoi mawimbi ya VGA. Halafu iwashwe na programu ya GPU-Z, inayosoma taarifa za kadi, ifunguliwe. Kadi ya namna hiyo ikigunduliwa, neno FAKE hutokea mbele ya jina lake.

RAM iwe GB 16 katika vipande viwili vya GB 8, na mfumo wa Windows ukae kwenye SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka. Hapo hapana mjadala.

Anayesisitiza kujenga upya aelekee Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki ndani yake na itamwezesha kucheza michezo myepesi huku akitafuta fedha za kadi. Core i3-12100F ni nzuri pia, lakini herufi F humaanisha haina grafiki, na bila kadi skrini itabaki nyeusi.

Pawa saplai mpya iwe na alama ya 80 Plus, inayothibitisha kwamba haipotezi umeme mwingi. Stima hukatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo UPS ndogo, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika, iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Joto la Kisumu na wadudu wa ziwa wanaofuata taa usiku hudai kesi yenye matundu ya hewa na wavu wa kuosheka.

Ukiagiza mashine Nairobi iletwe kwa gari, sema kadi ing'olewe na kufungwa peke yake, kwa sababu mtikisiko wa safari unaweza kuvunja tundu lake. Risiti iandikwe serial number, yaani namba ya utambulisho, ya kila kipuri na muda wa waranti, na M-Pesa itumwe baada ya kuona video ya mashine hiyo hiyo ikiendesha mchezo kwa muda usiopungua nusu saa.