Kabla hujaunganisha diski zako kwa LVM

Wengi tunaikumbuka LVM siku diski imejaa, kompyuta inagoma hata kusevu faili, ndo mtu anakimbilia kununua diski ya pili na anataka usiku uleule ziwe kitu kimoja. Tulia kwanza. LVM (Logical Volume Manager) ya Linux inazikata diski vipande vidogo, kwa kawaida MB 4 kila kimoja, inavitia kwenye kapu moja linaloitwa volyumu grupu, halafu humo unachota volyumu, yaani sehemu unazotumia kama patisheni, za ukubwa unaotaka na baadaye ikikubana unaongeza. Nzuri sana, ila ukikosea mwanzoni inauma.

Bekapu kwanza, na nikisema bekapu ni diski nyingine kabisa ambayo haimo kwenye kapu. Snapshoti, ile nakala ya volyumu ilivyokuwa saa fulani, sio bekapu jamani, inakaa kapu lilelile, diski ikifa vimekwenda vyote, tena snapshoti ya kawaida ikijaza nafasi uliyoipa inabatilika yenyewe. Ukishakopi fungua faili tatu nne uone kama kweli zinafunguka.

Pili, hakikisha diski unayoigusa ndo yenyewe. Mi niliumia hapa. Nilikuwa na diski mbili za TB 1 zinafanana kila kitu, moja tupu, nyingine ina video za harusi ya dada na picha za bibi yetu marehemu, nikaandika pvcreate /dev/sdb, amri ya kuiandaa diski iingie LVM, kwa sababu jana yake sdb (jina ambalo Linux inaipa diski) ilikuwa ile tupu, kumbe nimewasha upya kompyuta na flashi imechomekwa, majina yamehama. Ikaniuliza kabisa, hapa kuna ext4 (faili sistemu, yaani mpangilio unaoshika faili), niifute? Nikabonyeza y bila kusoma nikaendelea mpaka kufomati. Za harusi tuliomba kwa ndugu wakatutumia, za bibi nyingi hazikupatikana mpaka leo. Siku hizi naanza na lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL inayoorodhesha diski, naisoma ile siriali namba herufi kwa herufi na kuilinganisha na stika iliyobandikwa kwenye diski yenyewe, ndo naandika kingine.

Angalia afya ya diski pia, smartctl -a, tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, hesabu za sehemu mbovu za diski, zikiwa zinapanda hiyo diski usiiingize. Volyumu iliyotandazwa juu ya diski mbili bila reidi (RAID, mpango wa kuweka nakala kwenye diski zaidi ya moja), ikifa moja faili zako zote ziko hatarini, sio nusu. Kwa hiyo ile diski iliyotolewa kwenye laptopu ya zamani usiichanganye na mpya, na ya USB inayochomolewa chomolewa iache nje ya kapu.

Halafu usigawe nafasi yote. Watu wanapenda kumaliza TB nzima siku ya kwanza, mimi nakwambia ipe mfumo GB 50, home (zinakokaa faili zako) GB 300, inayobaki iache ikae. Kuongeza ni dakika moja, lvextend -r na kompyuta inaendelea kufanya kazi, lakini kupunguza ni shughuli, ext4 lazima uiondoe kwanza kwenye matumizi na uanze kupunguza faili sistemu ndo upunguze volyumu, ukigeuza mpangilio umeharibu, na XFS, faili sistemu nyingine, usitegemee kuipunguza kabisa. Ukiona Ubuntu Server imekupa GB 100 tu wakati diski ni kubwa, usiogope, andika vgs utaiona iliyobaki.

Patisheni ya /boot/efi, yenye faili za kuwashia kompyuta, iache nje ya LVM, kompyuta inapowaka haiwezi kuisoma humo.

Umeme nao. Kupunguza volyumu au kuhamisha data toka diski moja ya kapu kwenda nyingine kwa pvmove usifanye siku umeme unakatika katika. Pvmove ikikatizwa unaweza kuiendeleza, ila kupunguza faili sistemu kukikatika katikati ni kilio, so chaji laptopu ijae au tafuta UPS.

Mwisho endesha vgcfgbackup, kopi folda la /etc/lvm/backup kwenye flashi. Hiyo ni ramani tu ya jinsi vipande vilivyopangwa, picha hazimo, na flashi yenyewe iandike jina la kompyuta kwa maka peni.