Boksi la mvuke la kukunjia mbao: namna ninavyolitengeneza

Mafundi majahazi wa huku Tanga taruma, yaani ubavu wa chombo, hawalikunji. Wanatafuta tawi lililopinda lenyewe, wanalichonga kwa tezo, basi. Ila ukipewa oda ya viti sita vyenye migongo ya mviringo, matawi sita yanayofanana utayatoa wapi? Hapo ndipo boksi la mvuke linapokuja. Naandika haya baada ya kumsaidia kijana mmoja wa Makorora ambaye kila mbao aliyokunja ilimkatikia mkononi, akawa anamlaumu muuza mbao.

Boksi. Mbao nne za paini, inchi 1x6, urefu futi tano. Ziunge ziwe sanduku refu. Tumia skrubu, gundi nyeupe achana nayo, inalegea kwenye joto. Wako wanaotumia bomba la plastiki la inchi 4 kwa kuwa ni rahisi kulipata. Mimi silitaki hata bure: likishapata joto la maji yanayochemka, linakunjika lenyewe kabla ya mbao yako.

Vijiti. Toboa ubavuni kwa keekee, pitisha vijiti vya mianzi kila futi moja. Mbao inalala juu yake, mvuke unaizunguka pande zote. Nondo usiweke. Chuma kikigusa mtiki uliolowa kinaacha doa jeusi, na kuliondoa ni kazi.

Mvuke. Chukua debe la lita 20 lenye mfuniko, mpira wa rejeta kutoka gereji wa kupeleka mvuke kwenye boksi, na jiko. Mpira wa kumwagilia bustani haufai, unalainika na kujifunga.

Kijana wangu alikuwa na vyote hivi. Lakini alikuwa ameziba kila upenyo kwa udongo na matambara, ati mvuke usipotee. Ukigusa boksi upande wa debe, linaunguza. Upande wa pili, vuguvugu tu. Hewa ya ndani haina pa kutokea, kwa hiyo mvuke haufiki mwisho. Zaidi ya hapo ni hatari: debe halikutengenezwa kuhimili presha, likipasuka ni maji ya moto usoni. Toboa tundu la milimita 12 kwenye sakafu ya boksi, mwisho ulio mbali na debe, kisha inamisha boksi kidogo kuelekea huko ili maji yachuruzike. Mlango ninaoupenda mimi ni gunia lililokunjwa mara mbili, likaning'inizwa tu.

Angalia na mpira wenyewe. Uwe mfupi, unaopanda moja kwa moja kutoka kwenye debe. Ukilegea ukafanya tumbo, maji yanatuama humo na kuziba njia. Utasikia debe linagugumia, halafu kimya, halafu linagugumia tena. Ukisikia hivyo usiongeze moto, nyoosha mpira. Maji yakipungua, ongeza yaliyokwisha kuchemka, kwa sababu ya baridi yanakata mvuke papo hapo na inabidi uanze kungoja upya. Mkaa unafaa, lakini moto wake unapanda na kushuka, ndiyo maana natumia gesi. Na saa usianze kuihesabu ulipowasha jiko. Chomeka kipimajoto karibu na lile tundu, anza kuhesabu kikikaribia nyuzijoto 100.

Mbao. Nyuzi zinyooke toka mwanzo hadi mwisho, pasiwe na kifundo. Ya tanurini usinunue, imekauka kupita kiasi. Mimi nachukua mtiki wa Longuza, kule Muheza, uliopasuliwa karibuni. Kadirio ni saa moja kwa kila inchi ya unene.

Kukunja. Kalibu, yaani umbo unalokunjia mbao, na klampu ziwe tayari kabla hujafungua. Vaa glovu nene, simama pembeni ya mlango. Una chini ya dakika moja. Upande wa nje wa mkunjo weka ukanda wa bati gumu wenye vizuizi vilivyobana ncha zote mbili za mbao, maana mbao moto inakubali kubanwa lakini kuvutwa haikubali, inachanika. Ya inchi moja iache kwenye kalibu wiki nzima. Ukiifungua itarudi kidogo, kwa hiyo kalibu ipinde zaidi ya umbo unalolitaka.