Kubadili pasipoti ukiwa nje ya nchi, hasa kama kwenu ni Kigoma na unasafiri sana

Ndugu zangu mlioko Bujumbura, Lubumbashi, Lusaka, Muscat, Guangzhou na huko kwingine kote, naandika hii kwa wale ambao pasi yao haikai kabatini, leo upo bandari ya Kibirizi hapa Kigoma unapakia mzigo, kesho Bujumbura, wiki ijayo unawaza Dubai. Simu ninazopigiwa nyingi ni za kitu kimoja, mtu pasi imebakiza wiki tatu, tiketi ameshakata, kibali cha kuishi huko aliko nacho kinaisha, anauliza afanyeje. Kwa wiki tatu inakuwa ngumu sana, ndo maana nataka tuongee mapema.

Anza na hesabu ya tarehe. Ile tarehe ya mwisho iliyoandikwa usiiamini, pasi inaacha kufanya kazi kabla ya hapo. Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi sita mbele siku unayoingia, na anayekuzuia mara nyingi siyo hata uhamiaji wa huko unakokwenda, ni dada wa kaunta ya ndege, maana shirika likikupeleka ukakataliwa wao ndo wanakurudisha kwa gharama yao, kwaiyo hawabahatishi. Pasi inayoisha Novemba we ihesabu imeisha Mei. Toa tena miezi mitatu ya kuhangaika na maombi, ina maana unaanza Februari. Miezi tisa kabla, ukizoea hivo hutakimbizana na mtu.

Alafu kuna hili ambalo naona wengi hawajalishtukia. Hizi pasi za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018 na zinadumu miaka 10, na zile za zamani zikaondolewa mwanzoni mwa 2020. Sasa piga hesabu, waliowahi 2018 zao zinaisha 2028, ukitoa miezi sita wapo ambao kuanzia katikati ya 2027 hawapandishwi ndege, na lile kundi kubwa lililokimbizana 2019 kabla ya za zamani kufa wote wataisha 2029 kwa mpigo. Kama upo kwenye hilo kundi jipange kabla yao.

Na kwa sisi wa mpakani kuna kurasa. Ukipita mpaka wa Manyovu unagongwa muhuri wa kutoka kwetu na wa kuingia Burundi, kurudi tena viwili, mfanyabiashara anayevuka mara kwa mara anamaliza kurasa wakati tarehe bado ina miaka. Pasi iliyojaa ni sawa na iliyoisha, viza ya kubandika inataka ukurasa mzima mtupu na wakati mwingine wanataka mitupu miwili. Zikibaki nne anza mchakato. Na ukiwa dirishani muombe afisa kwa heshima agonge kwenye ukurasa uliokwisha kuanzwa, wengi wanakubali.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe ambalo mtu wa Kigoma inabidi alijue kuliko mtu wa Mwanza au Moshi. Maombi ya pasi yanaanzia nyumbani kwenu, ubalozini unakwenda kumalizia tu. Mkoa wetu umepakana na Burundi na Congo, umepokea wakimbizi miaka na miaka, kambi ya Nyarugusu pale Kasulu ipo tangu 1996, kwaiyo afisa akiona umezaliwa Buhigwe au Kibondo au Kakonko atakuuliza maswali ambayo wenzako hawaulizwi. Babu mzaa baba alizaliwa kijiji gani, shule ya msingi ulisoma wapi, mama kwao ni wapi. Wapo wanaoumia na hili na mi nawaelewa kabisa, inauma mtu kuulizwa uraia wake wakati babu yake kazikwa Heru Juu. Lakini kinachokumaliza siyo swali, kinachokumaliza ni kuwa Guangzhou huku cheti cha kuzaliwa cha baba hujawahi hata kukiona.

Kwaiyo ukija likizo hebu tenga siku kadhaa kwa kazi hii tu. Hakikisha cheti chako cha kuzaliwa cha RITA kipo, na kama ni cha zamani cha kuandikwa kwa mkono kifanyie uhakiki. Baba na mama kama hawana vyeti, na wazee wetu wengi wa vijijini hawana maana walizaliwa nyumbani hakuna aliyeandika, basi wapelekwe kwa wakili au mahakamani watengeneze kiapo cha kuzaliwa wakiwa bado wazima na wanaweza kusaini wenyewe. Hapo nasisitiza, mzee akishatangulia mbele za haki kiapo kinabidi aape ndugu mwingine na maswali yanaongezeka. Tafuta na vile vikaratasi vingine vya kusaidia, cheti cha ubatizo cha mama, kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, barua ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa yenye muhuri. Vyote skani kwa rangi, vizuri, usipige picha na simu kivuli cha kichwa chako kikiwa juu ya karatasi. Weka kwenye imeli yako na kwa mdogo wako mmoja unayemwamini, orijino ziache nyumbani kwenye bahasha moja ambayo na mama anajua ilipo.

Majina nayo. Chukua kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na pasi ya zamani uviweke mezani kwa pamoja usome herufi kwa herufi. Utakuta cheti kinasema Shabani, NIDA inasema Shaaban, pasi inasema Shabani na jina la babu limeruka. Na majina yetu ya Kiha ndo kabisa, huku wameandika Bi huku Bhi. Mfumo hausomi kwamba ni mtu yule yule, utakwama. Rekebisha upande wa NIDA au wa RITA kabla hujagusa fomu ya pasi, na kama jina limebadilika kweli kweli, labda kwa ndoa au kwa kusilimu, utahitaji hati ya kiapo ya kubadili jina iliyosajiliwa. Namba ya NIDA ni ya tarakimu 20 na inaanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwaiyo kama tarehe ya pale ni tofauti na ya cheti unaiona hapo hapo bila kumuuliza mtu.

Ukishakuwa na hivyo, fomu yenyewe ni nyepesi. Unaijaza kwenye saiti ya Uhamiaji, immigration.go.tz, unachagua kwamba upo nje na ubalozi utakaokwenda, unapata kontroli namba ya ada ya fomu, unalipa, unaprinti. Hapa nyumbani zilipoanza jumla ilitangazwa 150,000, fomu ikiwa 20,000 ndani yake, ukiwa nje unahesabiwa kwa dola, kwaiyo angalia ukurasa wa ubalozi wako kiasi na namna ya kulipa kabla hujasafiri kwenda huko. Usimpe kishoka pesa. Kontroli namba inatoka kwenye mfumo wenyewe, mtu anayekutaka utume kwenye namba yake ya simu eti akusukumie, achana naye.

Angalia pia ubalozi wako ni upi, maana siyo kila nchi ina wa kwetu. Aliyepo Norway au Denmark anahudumiwa na Stockholm. Aliyepo Lubumbashi aulize kwanza kabla ya kwenda Kinshasa, tuna ubalozi mdogo pale pale. Piga simu uulize siku za pasi na kama wanataka miadi, na ulize wazi mitambo ya alama za vidole inafanya kazi, maana pasi ya kielektroniki lazima uende mwenyewe, hakuna kutuma mtu wala kutuma kwa posta. Picha nayo soma fomu inataka rangi gani nyuma, studio za nje wamezoea nyeupe tu na hawatakuuliza.

Vidole hivi nivielezee kidogo maana watu wanarudishwa. Unaweka vidole vinne vya kulia kwenye kioo, alafu vinne vya kushoto, alafu dole gumba mawili. Kama kazi yako ni nyavu, saruji, mawese au kushusha mizigo, ile mistari ya vidole imelika na mashine haioni kitu. Wiki moja kabla paka mafuta ya mgando mikono kila usiku, siku yenyewe nawa kwa sabuni ukaushe kabisa, kioo kikiwa na jasho la aliyetangulia muombe afisa akifute, na bonyeza kwa uzito wa kawaida, ukikandamiza sana mistari inafungana. Piko na hina vidoleni dada zangu acheni kwanza mpaka mmalize.

Swali linalokuja sana ni kama urudi tu Kigoma ukaifanyie huku. Kwa aliyepo Burundi mi naona ni bora kurudi, ofisi ya Uhamiaji ya mkoa ipo mjini, wazazi wapo karibu, karatasi ikipungua unaifuata siku hiyo hiyo. Kwa aliyepo mbali inategemea likizo yako ni ya muda gani, na kabla ya kuwasilisha uliza kama ya zamani unabaki nayo wakati unasubiri, usije ukajikuta kibali chako huko kinaisha na we upo Mwanga hapa Kigoma mjini. Ikiisha kabisa au ikipotea ukiwa nje, nenda polisi wa huko upate ripoti ya upotevu, kisha ubalozini wanaweza kukupa hati ya dharura ya safari ikurudishe nyumbani, ila hiyo usitegemee kuendelea nayo na safari zako za biashara.

Na kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine ukiwa mtu mzima, sheria yetu hairuhusu uraia pacha, usiombe hii pasi ukidhani hawatajua.

Pasi mpya ikitoka namba ni mpya, na hapa wasafiri wengi wanalala. Tiketi uliyokata na namba ya zamani irekebishe. Waliopo China mabadiliko kama haya yanatakiwa kuripotiwa polisi ndani ya siku 10, kibali cha kuishi nacho kihamishiwe. Uingereza sasa viza ni za mtandaoni, ingia kwenye akaunti yako uongeze pasi mpya kabla hujafika uwanja wa ndege. Marekani viza iliyo hai kwenye pasi ya zamani bado inafanya kazi, unasafiri na zote mbili, kwaiyo ya zamani hata ikishabatilishwa usiitupe na usikubali ukurasa wa viza uchanwe. Benki na laini ya simu ya huko pia wapelekee kopi.

Kadi ya njano ya homa ya manjano haifi pamoja na pasi, tangu Julai 2016 inatambulika kwa maisha yote, kwaiyo mtu akikwambia uchanjwe upya kwa sababu namba ya pasi imebadilika muoneshe pasi zote mbili. Cha kuangalia ni jina tu lifanane na la pasi mpya, na kama halifanani nenda kituo kilichokuchanja wakusahihishie kabla hujaenda Kibirizi kupanda boti ya Congo.