Usimuulize mgonjwa "Unakunywa?"

Tangu korona ilipowafungia watu majumbani mwaka 2020, wengi walihamishia pombe sebuleni, na nyumbani hakuna anayehesabu glasi. Ukiongea na mgonjwa, hata kwa simu, ukimuuliza "Unakunywa?" atajibu "Kidogo tu." Muulize hivi: jana ulikunywa nini, chupa ngapi, ulianza saa ngapi? Hapo ndipo ukweli hutoka. Kisha mwache achague mwenyewe siku mbili za wiki ambazo hatagusa pombe.

Ila tafadhali sana, anayeamka mikono ikitetemeka mpaka apate glasi ya kwanza, usimwambie aache ghafla. Anaweza kupata degedege ndani ya saa 48, na inaweza kumuua. Huyo apunguze akisimamiwa na daktari.